Gauni la Vidoti: Masikio Apiga Picha ya Tumbo

Tulipoachana wiki iliyopita, pazia la studio lilikuwa linafunguka, na mkono uliolishika haukuwa wa mteja. Najua mmekaa na mkono huo wiki nzima. Haya, tumwone mwenyewe.

Alikuwa Mama Mkwe.

"Yuko wapi?" alifoka. "Mtoeni huyo mwanaume!"

Hakukuwa na mwanaume. Chumba chenyewe chembamba kama ujia. Kulikuwa na stuli, kitambaa cheupe ukutani, taa mbili, na wanawake wawili waliotoa macho. Mmoja alikuwa mpiga picha tunayemwita Masikio. Wa pili alikuwa mkwe wa huyo mama, mke wa mwanawe, mshona nguo, ambaye watu wote humwita Fundi. Amesimama mbele ya kitambaa, mjamzito, na gauni lake jipya la bluu lenye vidoti vyeupe. Futi ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni. Hata picha alikuja kupiga nayo, kwa mazoea.

Mama Mkwe aliinama akachungulia chini ya meza. Akachungulia nyuma ya kitambaa. Akafungua hata kabati la fremu, utadhani mwanaume anaweza kukunjwa akapangwa humo.

"Mama, unatafuta nini?" Fundi aliuliza.

"Natafuta baba wa hilo tumbo."

Nyuma yake akaingia Wifi, dada wa mume, simu mkononi, mdomo unatafuna chingamu. Mlango wa mtaani wakauacha wazi vile vile, na kelele za gereji ya matairi ng'ambo ya barabara zikaingia pamoja nao.

Kwa aliyekosa kusoma, nimshike mkono twende wote. Fundi ameolewa na dereva wa malori, yule wanayemwita Masafa kwa sababu hakai nyumbani. Baada ya mwaka mzima barabarani, Masafa alikuja akakaa wiki mbili tu, akaondoka baridi inaanza, na tangu hapo ni sauti ya simu tu. Juzi juzi akapiga: nitumie picha, mke wangu, nikuone na tumbo lako. Fundi akafurahi. Akashona gauni. Akaja kupigiwa picha upande huu wa mji, kwa sababu kule kwao mama mkwe ana macho kwenye kila dirisha. Kumbe macho yalimfuata mpaka huku.

Na Masikio je? Huyo tangu afungue studio anapiga picha za vitambulisho tu. Kidevu sawa, macho mbele, usicheke, masikio yaonekane. Jina limetokea hapo. Chini ya kola ya shati hajawahi kupiga kitu. Fundi alipofika na tumbo lake, alimwambia wazi, "Dada, mimi napiga vichwa." Fundi akambembeleza mpaka akakubali. Sasa alikuwa anajuta.

"Nilijua," Mama Mkwe alisema. "Unatoka nyumbani kama mwizi, unakuja kujianika huku. Na gauni limekubana hivyo!"

"Nimelishona mwenyewe, mama. Halijabana. Limekaa."

"Limekaa! Tumbo ndilo limekaa, na mwanangu hayupo."

"Kliniki wamesema mtoto yuko sawa na muda wake."

"Kliniki! Wale si shoga zako, unawashonea sare? Watasema nini kingine?"

Wifi akacheka puani. Masikio akaona bora aingilie.

"Jamani, hapa ni kazini. Kama mnagombana, barabara hiyo hapo nje ni pana."

"Wewe nyamaza, kuwadi wa kamera."

"Mimi kuwadi?" Masikio aliweka mkono kifuani. "Mimi ambaye hata shingo za watu sizipigi!"

"Mama, mume wangu ndiye aliyeomba picha," Fundi alisema. "Mpigie umuulize."

Mama Mkwe hakugusa simu. Akamtazama mkwewe kuanzia kichwani, akashuka polepole, macho yakafika tumboni yakaganda. Kisha akatabasamu. Fundi alilijua tabasamu lile. Lilikuwa likitokea kila mara kabla ya chungu cha maneno kumwagwa.

"Ameomba mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi vizuri. Piga." Akamgeukia Masikio. "Piga tumbo lote. Mwanangu mapenzi yamemfanya mjinga, lakini macho anayo."

Masikio akarudi nyuma ya kamera. Akatazama. Kilichoonekana ni uso, mabega na kifua. Akarudi nyuma hatua, akatazama. Bado. Akarudi mpaka mgongo ukagonga ukuta. Tumbo halimo.

"Chumba kidogo," alisema.

"Chumba kidogo au tumbo kubwa?" Wifi aliuliza.

Masikio akavuta droo. Ndani kulikuwa na lenzi fupi iliyokuja na kamera siku ile anainunua, bado imevaa mfuko wake. Hiyo huona upana. Hajawahi kuihitaji, kichwa cha mtu si kipana. Akaifunga. Akachungulia. Ajabu! Chumba kizima kikaingia: kitambaa, taa, stuli, hata kiatu cha Wifi.

Lakini Fundi alionekana mdogo, yuko mbali, na Masikio hapendi uso mdogo. Katika vitambulisho uso lazima ujae. Kwa hiyo akasogea. Akasogea tena.

"Tumbo!" Mama Mkwe alikuwa anamsimamia begani. "Unapiga nini huko juu? Piga magoti uone tumbo! Na wewe, geuka, usijifiche!"

Fundi akageuka kidogo, tumbo likaja mbele. Mkono mmoja akauweka juu ya mtoto. Alijaribu kucheka kwa ajili ya mumewe.

"Usicheke," Masikio alisema, kwa mazoea. Akapiga magoti, kamera karibu imguse, akabofya.

Akaitazama picha kwenye kioo cha kamera. Macho: yamefunguka. Kidevu: sawa. Masikio: yote mawili yanaonekana.

"Nzuri," alisema.

Hayo ndiyo aliyoyatazama. Hakutazama kingine, Mungu amsamehe.

Wifi alimpokonya kamera, akapiga picha ya kioo kwa simu yake, akamrudishia, akaituma picha kwa kaka yake. Ndipo na yeye akaiangalia vizuri. Chingamu ikasimama mdomoni.

"Mama. Njoo uone. Hili ni tumbo au gunia?"

Mama Mkwe akaangalia. Akapiga kofi pajani.

"Nilisema! Nilisema mkaniona mchawi! Hili linakaribia kupasuka! Baridi imeanza juzi, mwanangu kaondoka juzi, huyu kakamilisha mtoto lini?"

"Nionyesheni," Fundi alisema.

"Wewe si unalo? Litazame hilo hilo ulilobeba."

Simu ikalia. Ilikuwa ya Wifi, na jina kwenye kioo lilikuwa la Masafa. Wifi akafungulia spika ili wote wasikie, na mtaani pia kama watapenda.

"Haloo," Masafa alisema.

"Mwanangu, umeiona?" Mama Mkwe aliuliza.

"Nimeiona, mama."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na chuma kinagongwa, ngo, ngo.

"Kelele gani hizo?"

"Niko mpakani, mama. Foleni haisogei, watu wanatengeneza magari yao."

"Sasa niambie. Hilo tumbo ni lako?"

Hapo ningependa kuwaambia kwamba alifikiri. Kwamba alivuta pumzi, au aliuliza swali hata moja. Hakuuliza. Alijibu kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni tangu asubuhi.

"Si langu. Kuhesabu najua. Mtoe nyumbani, mama. Nikirudi nisimkute."

"Mume wangu!" Fundi alisogea. "Ongea na mimi. Mtoto wako huyu!"

"Sina la kuongea na wewe."

Simu ikakatika.

Mama Mkwe alinyoosha kiganja.

"Ufunguo."

"Mama, niende wapi na hali hii?"

"Kwa mwenye tumbo. Ufunguo wa nyumba."

Fundi akautoa mfukoni. Ulikuwa umefungwa na kipande cha kitambaa cha bluu. Mama Mkwe akauchukua kwa vidole viwili, kana kwamba una uchafu.

"Na cherehani yangu?"

"Itakufuata."

"Na nguo za mtoto nilizoshona?"

"Za mtoto wa nani?" Mama Mkwe aliuliza. "Hizo zinabaki. Nitazifanya madekio."

Wasomaji wangu, kuna maneno yakishasemwa huwezi kuyaokota. Wifi mwenyewe alitazama chini.

Fundi hakulia. Alimgeukia Masikio, na macho yake yalikuwa na moto.

"Na wewe! Nimekuja na ndoa yangu, natoka sina pa kulala. Umenifanya nini? Lete hiyo kamera!"

"Dada, mimi nimepiga tu..."

"Lete!"

Akaichukua. Akaitazama ile picha. Mwanzo aliona walichoona wenzake: tumbo kubwa ajabu, limejaa picha nzima, na juu yake kichwa kidogo cha mwanamke asiyecheka. Alijishika tumbo. Alikaribia kuamini kwamba ndivyo alivyo.

Halafu jicho la ufundi likaamka.

Akatazama kwenye picha. Akatazama gauni alilovaa. Akashika kitambaa cha begani, akashika cha tumboni. Akarudi kwenye picha.

"Wewe Masikio," alisema taratibu. "Hiki kitambaa nimekikata mimi. Vidoti vyake vyote vinalingana, kila kimoja kama kifungo cha shati. Tazama mwenyewe, begani hivi, tumboni hivi."

"Naona. Vinalingana."

"Sasa mbona humu ndani vya tumboni vimekuwa visosi, na vya begani vimekuwa dengu?"

Masikio akaja kutazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akashuka chini ya kidevu. Akaona visosi. Akaona dengu. Akakaa kwenye stuli ya wateja.

"Dada, nimekuua," alisema. "Ni lenzi. Hii fupi. Kinachokuwa karibu nayo inakivimbisha. Nilisogea mno, nikapiga magoti mbele ya tumbo. Na mimi niliangalia masikio tu!"

"Kwa hiyo tumbo langu..."

"Tumbo lako ni hilo ulilovaa. La kwenye picha nimelitengeneza mimi."

"Umesikia, mama?" Fundi aliuliza.

Mama Mkwe alishafika mlangoni na ufunguo wake. Akageuka. Akasimama katikati ya mlango, miguu imepanuka, mikono kiunoni, kifua juu, anawazibia njia.

"Nimesikia watu wawili wanapanga uongo mbele yangu. Kamera haiongopi! Tumbo ni tumbo! Hapa hatoki mtu kwenda kumpigia mwanangu simu na hadithi za vidoti. Mwanamke umefumaniwa na picha yako mwenyewe, halafu unasingizia..."

Hakumaliza. Masikio alikuwa ameichukua kamera mikononi mwa Fundi, ameinuka kwenye stuli na kuja moja kwa moja. Hakuomba ruhusa. Hakusema kidevu wala hakusema masikio. Akapiga magoti mbele ya Mama Mkwe, karibu kama alivyomkaribia Fundi, akabofya.

"Wee! Unanipiga picha ya nini?"

Masikio akatazama kioo. Akaenda kumwonyesha Wifi.

Niwaambie ukweli, Mama Mkwe ni mama wa umbo la kawaida, na kitambi kidogo cha uzee kama sisi wengine. Lakini aliyekuwa kwenye kioo alikuwa na kichwa kama limau, na chini yake tumbo kama pipa la maji.

Wifi alijizuia. Alijitahidi kweli, mashavu yakavimba. Halafu chingamu ikaruka, na kicheko kikafuata.

"Mama! Hongera! Mbona ulitunyima habari njema?"

"Leteni nione!" Akaona. "Futa! Futa sasa hivi!"

"Siwezi kufuta, mama," Masikio alisema. "Kamera haiongopi. Sasa baba yake ni nani? Tumtafute chini ya meza?"

Mama Mkwe akairukia kamera. Lakini Fundi alikuwa ameshaipokea, ameiinua juu.

"Wifi, ipige na hii, umtumie kaka yako. Zote mbili azione. Aseme kama na mama yake nimtoe nyumbani."

Wifi akafuta machozi ya kicheko, akainua simu. Mkono wake ulikuwa mtupu. Zile bangili zake nene nyekundu, ambazo hata kuoga alikuwa haoni sababu ya kuzivua, siku hizi hakuwa nazo.

"Wewe mtoto, ukituma hiyo picha nakulaani," Mama Mkwe alisema.

"Lakini mama, haki ya mtu..."

"Haki ya nani? Wewe uko upande gani?"

Wifi akasita, simu hewani. Fundi akaishusha kamera aishike vizuri, ili Wifi aipige bila kutikisika. Akaitupia jicho.

"Subiri kwanza," alisema.

"Nini tena?"

"Masikio, hii picha naweza kuikuza?"

"Bonyeza hapo pembeni."

Kumbuka, ile ni lenzi inayoona upana. Ilimchukua Mama Mkwe na tumbo lake la pipa, ikauchukua na mlango uliokuwa wazi nyuma yake. Ikaichukua barabara. Ikaichukua gereji ya matairi ng'ambo, ukuta wake mweusi, matairi yaliyopangwa. Na kwenye pembe ya gereji, nyuma ya matairi, ikachukua uso wa lori.

Fundi hakutazama lori. Alitazama dirisha lake. Alibonyeza, likaja karibu. Akabonyeza tena.

"Vidoti," alisema.

Masikio akachungulia juu ya bega lake. Dirisha la lori lilikuwa na pazia. Bluu. Vidoti vyeupe.

"Watu chungu nzima wana vitambaa vya vidoti," Wifi alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Wanavyo. Tazama pindo." Fundi akaweka kucha kwenye kioo. "Nilikosea nikaweka utepe mwekundu, nikaogopa kuufumua, kitambaa kingechanika. Alipokuwa anaondoka aliniomba nimshonee mapazia ya garini, akilala barabarani asionekane. Nikamshonea. Kipande kilichobaki nikakiweka. Ndilo hili gauni. Nilitaka aone kwenye picha kwamba tumevaa kitambaa kimoja."

Mama Mkwe alichungulia kioo cha kamera.

"Lile si lori la mwanangu."

Hakuna aliyekuwa ametaja lori wala jina la mwanawe.

Akageuka kutazama nje. Naye alikuwa hajui, nawahakikishia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Lori lilikuwa pale pale, mchana kweupe, limejibanza nyuma ya matairi, na fundi wa gereji anagonga ringi kando yake kwa nyundo.

"Wifi, nipe simu," Fundi alisema.

Wifi akampa bila neno. Fundi akapiga, akafungulia spika.

"Haloo," Masafa alisema. "Mmeshamtoa?"

"Ni mimi."

"Nimekwambia sina la kuongea na wewe."

"Neno moja tu, mume wangu. Uko wapi?"

"Mpakani! Mara ngapi niseme? Foleni haisogei."

Ngo, ngo. Ikagongwa ndani ya simu. Ngo, ngo. Ikagongwa ng'ambo ya barabara. Kila aliyekuwa mle ndani alisikia, na Wifi akaweka mkono mdomoni.

"Pole," Fundi alisema. Alikuwa anatembea kuelekea mlangoni, mkono mmoja chini ya tumbo. Mama Mkwe akampisha mwenyewe. Alipompita, Fundi akauchukua ufunguo kutoka kiganjani mwake, na yule mama hakukaza vidole. "Na jua kali huko?"

"Linaunguza. Unataka nini?"

"Mapazia niliyokushonea umeyafunga?"

"Nimeyafunga. Ndiyo nini?"

"La kushoto limeachia juu. Linaning'inia vibaya, linaniharibia jina. Livute kidogo."

Masafa akakata simu.

Ng'ambo ya barabara pazia la kushoto likatikisika. Mkono ukajitokeza, ukalishika pindo la utepe mwekundu, ukalivuta haraka.

Haukuwa mkono wa Masafa. Ulikuwa mwembamba, na bangili nene nyekundu zilikuwa zimeupanda mpaka karibu na kiwiko.

Wifi akaurudisha mkono wake mtupu nyuma ya mgongo. Mama Mkwe alimwona.

"Bangili zako ziko wapi?"

"Nilimwazima mtu, mama."

"Mtu gani?"

Wifi akatazama tena lile lori.

"Nakuuliza, mtu gani?"

Fundi hakungoja jina. Alimrudishia Wifi simu, akaingia barabarani na gauni lake la vidoti na futi yake shingoni. Pikipiki ikapiga breki, ikamtukana. Hakugeuka. Mama Mkwe alimtazama akienda peke yake, akatazama kiganja chake ambacho hakikuwa tena na ufunguo, akainama, akavua viatu, akavishika mkononi.

"Ngoja!" alipiga kelele. "Mkwe, ngoja, usikimbie na mtoto!"

Mtoto wa nani? Safari hii hakuuliza.

Lori likawaka. Moshi ukatoka nyuma ya matairi, fundi wa gereji akaruka pembeni na nyundo yake. "Oya, boliti bado!" alipiga kelele. "Bado sijakaza!" Dereva hakumsikia, au hakutaka. Uso wa lori ukaanza kutoka polepole kuelekea barabarani, na pale mahali pekee pa kupitia, Fundi akasimama.

Hakuinua mikono. Alishika gauni pande mbili, akalivuta nyuma likamkaa sawasawa.

Masikio alikuwa amefika ukingoni mwa barabara, amepiga magoti, kamera usoni. Mwache apige.

Masafa alitaka kuliona tumbo. Sasa lilikuwa mbele ya kioo chake, saizi yake ya kweli, vidoti vyake vinalingana vyote. Injini inaunguruma, boliti za tairi la mbele hazijakazwa, na mguu wake uko juu ya pedeli.